Kukusanya barometa za kale za zebaki ukiwa Arusha au Moshi: anza na mwinuko

Barometa hupima mgandamizo wa hewa kwa urefu wa safu ya zebaki ndani ya bomba. Barometa nyingi za fimbo zinazopatikana minadani, zile ndefu za mbao zenye bomba la kioo katikati, zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba za Uingereza zilizo karibu na usawa wa bahari. Itundike ukutani Njiro au Sakina, zebaki itashuka hadi ijifiche chini ya bamba la skeli, nyuma ya mbao, nawe utabaki ukitazama kioo kitupu. Chombo ni kizima. Hewa ya Arusha tu ndiyo haina uzito wa kuisukuma zebaki ifike pale fundi alipochora mistari yake.

Miongozo ya wakusanyaji imeandikwa na watu wa Ulaya, na jambo hili hawaligusi kwa sababu kwao halipo. Kwetu ndilo la kwanza. Mtu wa Tanga anaweza kununua kwa kuangalia uzuri wa mbao na jina la fundi. Mtu wa Arusha anunue kwa kuangalia skeli inaishia wapi kwa chini.

Hatua ya kwanza: ijue namba ya mahali unapoishi

Usawa wa bahari, zebaki husimama karibu na milimita 760, yaani inchi 29.9. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, husimama karibu na milimita 645, inchi 25 na nusu. Moshi mjini, kati ya mita 800 na 900, ni karibu milimita 690, inchi 27 na kidogo. Kwenye miinuko hii yetu, kila ukipanda mita 13 hivi zebaki hushuka milimita moja, kwa hiyo anayeishi Kibosho asitumie namba ya mtu wa Majengo.

Simu nyingi za bei ya juu zina kihisio cha mgandamizo wa hewa ndani yake. Pakua programu inayokionyesha, soma namba kwa hektopaskali, gawanya kwa 1.333, utapata milimita za zebaki. Ukisoma 860, jibu ni 645. Jihadhari na namba wanazopewa marubani wa KIA: hizo zimeshahesabiwa kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari, ingawa uko mita 894 juu yake. Ukizilinganisha na barometa yako moja kwa moja utadhani imekufa.

Kwamba zebaki hushuka mlimani kulijulikana mapema sana. Torricelli, aliyevumbua barometa, alifanya jaribio lake Italia mwaka 1643. Miaka mitano baadaye, tarehe 19 Septemba 1648, Florin Périer alipanda mlima Puy de Dôme nchini Ufaransa kwa maombi ya shemeji yake, Blaise Pascal, akakuta zebaki imepungua kwa takriban inchi tatu. Kutoka hapo likazaliwa kundi zima la barometa zilizotengenezwa kubebwa milimani, na hilo ndilo kundi ambalo sisi wa kaskazini tunapaswa kulitafuta kwa bidii.

Hatua ya pili: chagua aina inayoweza kuishi hapa

Barometa ya nyumbani ya karne ya 18 au ya 19 kwa kawaida ina skeli ya inchi 27 hadi 31, na pembeni yake maneno ya hali ya hewa: dhoruba, mvua nyingi, mvua, badiliko, hali njema, ukavu. Arusha haitaonekana hata siku moja. Moshi, zebaki itacheza kwenye ncha ya chini kabisa, pale palipoandikwa dhoruba, na itakaa hapo hata mwezi Agosti jua likiwaka juu ya Kibo. Maneno yale yalipangwa kwa Uingereza, na hata huko yanakosea mara nyingi.

Sisemi usiinunue. Barometa ya George Adams au ya Dollond, mafundi wa London, ni kazi ya mikono ya kuheshimiwa hata ikiwa kimya. Inunue kama samani, iache imefungwa kwa skrubu yake ya kusafirishia, ile inayobana zebaki isitembee, au iwe haina zebaki kabisa, uitundike uifurahie. Ninachopinga kwa nguvu zote ni kumwita fundi ang'oe bamba la skeli alishushe inchi nne ili "ifanye kazi". Atakuwa ametoboa mbao ya miaka 200, na namba zitakuwa za uongo pia. Hakuna mkusanyaji makini atakayeinunua tena.

Ukitaka inayosema, tafuta mojawapo ya hizi.

Barometa ya mlimani. Ni nyembamba, mara nyingi ya shaba nyeupe au ya mbao iliyoviringwa, na nyingi zilikuja na miguu mitatu inayokunjwa na kuwa kasha lake. Skeli yake hushuka chini sana, kwa sababu ilitarajiwa kupanda. Kileleni Uhuru, mita 5,895, zebaki ingesimama karibu na inchi 15, hivyo ukiona skeli inayoanzia huko ujue fundi alikuwa akiwaza milima mirefu. Jesse Ramsden na Edward Troughton wa London walizitengeneza, na baada yao kampuni ya Troughton & Simms. Ni adimu na ni ghali. Ukiipata nzima, usilale juu ya uamuzi.

Barometa ya Fortin. Jean Nicolas Fortin, Mfaransa, aliipa umbo lake miaka ya kuelekea 1800. Kikombe cha zebaki kilicho chini kina kitako cha ngozi. Unazungusha skrubu, ngozi inapanda, uso wa zebaki unainuka hadi uguse ncha ndogo ya sindano. Ncha hiyo ndiyo sifuri. Kwa kuwa sifuri unaipanga mwenyewe kila unaposoma, haijali kama uko Dar es Salaam au Ngaramtoni, mradi skeli ifike. Vituo vya hali ya hewa na maabara za shule vilizitumia sana hadi karne ya 20, hivyo zipo nyingi kuliko za mlimani na bei yake ni ya kibinadamu. Negretti & Zambra na Casella wa London walizitengeneza, na R. Fuess wa Berlin alikuwa mtengenezaji mkubwa wa barometa za vituo upande wa Wajerumani, zenye skeli ya milimita. Kwa anayeanza Arusha, ushauri wangu ni huu: Fortin ya kituo, yenye skeli inayoshuka hadi inchi 24 au milimita 600. Moshi, hadi inchi 26 inatosha.

Barometa ya aina ya Kew. Patrick Adie alihusika sana nayo miaka ya 1850. Kikombe chake hakirekebishwi. Badala yake inchi za kwenye skeli zimefupishwa kidogo ili kufidia uso wa zebaki unaopanda ndani ya kikombe. Ni rahisi kusoma. Zile za melini zina bomba lililobanwa ili zebaki isirukeruke, lakini angalia skeli kwa makini, nyingi hazifiki chini ya inchi 26 au 27.

Kuhusu majina: jina lililochongwa kwenye bamba mara nyingi ni la mwenye duka, na chombo chenyewe kilitoka karakana nyingine. Usilipe mara mbili kwa sababu ya jina kabla hujakagua chombo.

Hatua ya tatu: sheria kabla ya pesa

Kuna mambo matatu, na yote yanaweza kukufikisha pabaya.

Zebaki kwanza. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, unaobana utengenezaji na usafirishaji wa vifaa vyenye zebaki kati ya nchi na nchi, barometa zikiwemo. Umoja wa Ulaya unaruhusu kuuza barometa zilizokuwa na umri wa zaidi ya miaka 50 ilipofika tarehe 3 Oktoba 2007, ila ruhusa hiyo ni ya kwao. Haikuvushi Namanga wala bandarini. Kabla ya kuagiza chochote, waandikie Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, upate jibu kwa maandishi. Njia safi zaidi ni kununua barometa ambayo muuzaji ameshaitoa zebaki, au kununua iliyomo nchini tayari. Na tafadhali, usiijaze kwa zebaki ya machimboni. Imeshakutana na dhahabu na takataka, itachafua bomba, na biashara yake imejaa magendo yanayoumiza watu wetu wa Geita na Chunya.

Pili, pembe za ndovu. Barometa za kifahari za karne ya 19 mara nyingi zina mabamba ya skeli ya pembe, na hata ile ncha ya Fortin mara nyingi ni ya pembe. Huku kwetu pembe ni nyara za serikali, na kuwa nayo bila kibali ni kosa zito hata kama ndovu alikufa zama za babu wa babu yako. Chagua skeli ya shaba iliyopakwa fedha au ya mti. Mfupa wa ng'ombe hauna shida hiyo, lakini ujue kuutofautisha: mfupa una vitobo na mistari midogo myeusi, pembe ina mistari laini inayokatana ukiitazama kwenye ncha iliyokatwa. Ukiwa na shaka, achana nacho.

Tatu, ndege. Barometa yenye zebaki haibebwi na abiria wa kawaida, iwe mkononi au kwenye mzigo. Zebaki ikimwagika huila alumini, na ndege ni alumini.

Hatua ya nne: kagua

Wapi pa kutafuta? Familia zilizorithi mashamba ya kahawa ya zamani, nyumba za misheni, shule kongwe zinazosafisha maabara zao, watu wanaohama nchi wakiuza samani. Uliza kwa upole, na ukienda kwa wazee wa misheni peleka shikamoo mbele na haja nyuma. Kifaa kikiwa mali ya taasisi, taka barua ya taasisi. Mlinzi au mtunza stoo hana mamlaka ya kukuuzia.

Ukifika, usikiguse kwanza. Tazama sakafu na mbao chini ya kikombe kama kuna vijitone vinavyong'aa. Vikiwepo, ngozi imeoza au kikombe kimepasuka. Kagua nyuma ya kasha: vitobo vya bungua na unga mlaini wa mbao maana yake wadudu bado wanakula. Tazama bomba. Zebaki safi inang'aa na kichwa chake kimeumuka juu. Yenye utando wa kijivu unaong'ang'ania kioo ni chafu au imekula hewa. Mistari ya vipande vya hewa katikati ya safu ya zebaki ni kazi ya mtaalamu, wala usijaribu kuitikisa itoke.

Kisha jaribio lenyewe. Ondoa pete na mkufu wa dhahabu, maana zebaki huila dhahabu papo hapo. Shika barometa kwa mikono miwili, mmoja juu, mmoja karibu na kikombe, uilaze polepole sana kuelekea nyuzi 45. Zebaki itapanda. Ikigonga kilele cha bomba kwa mlio mkavu, ko!, ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa juu ya zebaki, ni zima. Ikifika kimya, ikaacha kiputo kinachobaki pale juu, kuna hewa.

Hapa tena mwinuko unaingilia. Karibu na bahari, nafasi tupu juu ya zebaki ni kama inchi tatu. Arusha ni saba au nane, kwa hiyo zebaki ina safari ndefu zaidi, na ukiilaza kwa haraka itagonga kwa nguvu ya kupasua kilele cha bomba. Polepole ya Arusha iwe mara mbili ya ile inayoelezwa kwenye vitabu.

Ukinunua kwa picha, omba picha ya ncha ya chini ya skeli, ya kikombe kwa chini, ya mgongo wa kasha, na video ya jaribio la kuilaza. Muuzaji akikataa video, una jibu lako.

Hatua ya tano: isafirishe ikiwa kichwa chini

Ilaze polepole hadi zebaki ijaze bomba lote, kaza skrubu ya kusafirishia mpaka uhisi ukinzani mdogo, kisha rudi nyuma robo mzunguko. Robo hiyo ni muhimu: gari likipata joto pale Same mchana, zebaki hutanuka, na bomba lisilo na nafasi hupasuka. Halafu igeuze, kikombe kiwe juu, ikae hivyo au imelala mshazari, kikombe kikiwa juu zaidi, safari nzima.

Dar es Salaam hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600, na matuta hayahesabiki. Usiiweke kwenye buti la basi kwa namna yoyote. Gari binafsi, kiti cha nyuma, imefungwa kwenye godoro, ndani ya mfuko mzito wa nailoni uliofungwa pande zote mbili, na mtu wa kuishikilia. Acha madirisha nusu wazi.

Hatua ya sita: itundike

Ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na jiko, mbali na mlango unaobamizwa. Zebaki huvukiza hata kwenye joto la kawaida la nyumba, na mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu na figo, hivyo isiwe chumba cha kulala wala pale watoto wanapocheza. Chumba chenye hewa inayopita ndicho chake. Weka wima kwa timazi, na chini yake sinia lenye kingo.

Sasa legeza skrubu, kidogo kidogo, ukisimama kati ya mzunguko na mzunguko. Zebaki inashuka, na inashuka mbali. Kwenye bomba lenye upana wa milimita 5 ndani, pengo la Arusha na pwani linarudisha karibu gramu 30 za ziada kwenye kikombe. Kikombe cha barometa ya nyumbani hakikupangiwa mzigo huo siku zote, na ngozi kuukuu hapo ndipo husalimu amri. Ukiona unyevu wa fedha kwenye maungio, kaza tena, igeuze, utafute fundi wa vyombo vya maabara.

Ikimwagika: toa watu, fungua madirisha, usifagie, usitumie mashine ya kuvuta vumbi. Vaa glavu, kusanya matone kwa kadi mbili ngumu au bomba la sindano, uyatie kwenye chupa yenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza. Nyufa za sakafu zinyunyizie salfa ya unga, ile inayouzwa maduka ya pembejeo kwa ajili ya ukungu wa mimea. Kila kitu kiende kwa Mkemia Mkuu, kisiende jalalani wala chooni.

Mbao ipanguse kwa kitambaa kikavu. Msasa na vanishi mpya ni mwiko.

Hatua ya saba: isome

Soma kipimajoto kwanza, kabla mwili wako haujakipasha. Kwa Fortin, pandisha zebaki hadi ncha na kivuli chake juu ya uso wa zebaki viguse. Gonga kasha kwa kidole mara moja. Shusha vernia, ile skeli ndogo inayoteleza, hadi ukingo wake uguse mgongo wa zebaki kwa juu, jicho lako likiwa usawa uleule.

Namba hiyo bado ni ghafi. Kwa safu ya milimita 645 kwenye nyuzi 22 za Selsiasi, toa milimita 2.3 kwa ajili ya joto. Kisha toa karibu mbili nyingine, kwa sababu mvutano wa dunia hapa karibu na ikweta, na juu mlimani, ni mdogo kuliko kiwango cha kimataifa, na zebaki nyepesi husimama juu zaidi. Barometa ikisoma milimita nne zaidi ya simu yako, basi inasoma vizuri.

Usiitarajie itabiri mvua kama inavyofanya Ulaya. Kinachoonekana hapa ni kitu kingine, na kwangu ni kizuri kuliko utabiri. Kila siku, masika au kiangazi, zebaki hupanda hadi kilele saa nne asubuhi, hushuka hadi chini saa kumi jioni, hupanda tena saa nne usiku na kushuka saa kumi alfajiri. Tofauti ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni milimita mbili hadi tatu. Alexander von Humboldt alivutiwa sana na mwendo huu alipokuwa nchi za joto za Amerika, akaandika kwamba barometa huko ingeweza kutumika kama saa. Soma saa nne na saa kumi kwa wiki moja, chora mstari, utauona mwenyewe. Ukizidisha hadi mwaka, utaona pia safu ikisimama juu kidogo Juni na Julai wakati wa kipupwe.

Hatua ya nane: karatasi

Nyuma ya kasha, bila gundi, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa uzi, weka karatasi yenye mambo haya: umeipata kwa nani na lini, nakala ya jibu la serikali, mwinuko wa ukuta wake wa sasa, usomaji wa kawaida wa hapo, na idadi ya mizunguko ya skrubu kutoka wazi hadi kufunga. Kisha, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya kijana atakayetumwa kuihamisha siku ambayo wewe haupo: INA ZEBAKI. USIILAZE HARAKA. IFUNGE KABLA YA KUITOA UKUTANI.